Seli Inayosubiri Kuambiwa Iishi: Homoni na Uhai wa Mayai Ndani ya Ovari

 

Nianze na hesabu, maana bila hesabu hii mengine yote nitakayosema yataonekana maneno ya kutisha watu. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni mwa mama yake, mimba ikiwa na miezi mitano hivi, ovari zake mbili huwa na seli za mayai zinazokaribia milioni saba. Aliyetoa hesabu hiyo ni mtafiti wa Uingereza, T. G. Baker, mwaka 1963. Alizikata ovari vipande vyembamba, akaviweka chini ya darubini na kuhesabu. Siku mtoto huyo anapozaliwa, mayai yamebaki milioni moja hadi mbili. Akivunja ungo, yamebaki laki tatu au nne. Tangu hapo mpaka hedhi ikome, yatakayopevuka na kutoka ni kama 400, yakizidi sana 500. Hedhi ikikoma, yaliyosalia ni kama elfu moja.

Kwa hiyo kila yai moja linalopata nafasi ya kukutana na mbegu ya mwanamume, mengine zaidi ya elfu kumi yamekufa. Na huyo ni mwanamke mzima wa afya, aliyekula vizuri, ambaye hajaumwa wala kurogwa.

Jambo langu la leo ni hili. Ndani ya ovari, kufa ndiyo kawaida, na kuishi kunahitaji ruhusa. Ruhusa hiyo huletwa na homoni, hutolewa kwa muda, tena kwa wachache. Asiyejua hivyo atamlaumu mwanamke, ataulaumu uzazi wa mpango, atamlaumu wifi au mama mkwe, na miaka itampita akiwa bado analaumu.

Sasa tuangalie kifo chenyewe. Yai halikai peke yake ndani ya ovari. Limezungukwa na seli ndogondogo zinazolilisha, ziitwazo seli za granulosa, na kwa nje kuna tabaka jingine la seli, theka. Yai pamoja na seli zake hizo huitwa folikuli. Mwaka 1885 mwanasayansi Mjerumani Walther Flemming alichora folikuli za sungura zilizokuwa zikifa. Aliona viini vya seli za granulosa vikisinyaa na kukatikakatika, akavichora kwa uangalifu mkubwa, na mchoro ule ukakaa miongo mingi bila watu kuupa uzito unaostahili. Ilipofika 1972, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, kutokana na kazi waliyoifanya pamoja huko Aberdeen, Uskoti, walikipa kifo cha namna hiyo jina lake la leo: apoptosisi.

Wauguzi wanajua seli inavyokufa kwa kuungua au kwa kukosa damu. Huvimba, hupasuka, humwaga vilivyomo, na mahali pale hupata joto na kuuma. Apoptosisi haifanyi hivyo. Seli husinyaa, DNA yake hukatwa vipande, utando wake hujikunja na kuvifunga vipande hivyo, kisha seli jirani huvimeza. Hakuna usaha, hakuna homa, hakuna kovu la maana. Mwanamke kijana hupoteza mamia ya folikuli kwa mwezi, pengine hata elfu, na wala haihisi hasara hiyo.

Wanafunzi wangu huwa nawaonyesha slaidi mbili. Katika ya kwanza folikuli ni hai: seli za granulosa zimepangana safu kwa safu, viini vyake ni mviringo, na hapa na pale utaikuta moja inagawanyika kuwa mbili. Slaidi ya pili ina folikuli ya ukubwa uleule, na yai lake limekaa pale pale, zima, la kupendeza. Lakini kwenye ukingo wa ule uwazi wenye majimaji kuna chembechembe zilizokolea rangi, nyeusi kama pilipili manga, zimeachana na wenzake na zimeanza kuelea. Mwanafunzi hutazama yai na kusema folikuli hii ni nzima. Haiko nzima. Seli zinazolilisha yai zimeshaanza kufa, na yai litafuata baada ya siku chache.

Kwa nini zimekufa? Kila seli mwilini hubeba protini za kuiua na protini za kuzuia isiuawe. Mojawapo ya zinazozuia ni BCL-2. Mojawapo ya zinazoua ni BAX, ambayo hutoboa mitokondria, na ikishatoboa, vimeng'enya viitwavyo kaspasi huanza kukata protini za seli moja baada ya nyingine. Mizani ya pande hizi mbili ndiyo inayoamua, na mara nyingi kinachoielekeza mizani hutoka nje ya seli. Mwaka 1992 Martin Raff wa London aliandika kwamba karibu kila seli ya mnyama huishi kwa sababu seli nyingine zinaituma ishara ya kuishi, na ishara hizo zikikatika, seli hujiua yenyewe. Sijaona kiungo kinachodhihirisha wazo hilo waziwazi kama ovari.

Ishara kuu ya ovari hutoka kichwani, kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Ni homoni ya FSH. Folikuli inayoanza kukua huchukua miezi kadhaa kufikia upana wa milimita 2 hadi 5, na mpaka hapo inaweza kujikongoja bila kutegemea sana FSH. Ikivuka hapo inakuwa tegemezi kabisa. FSH isipokuwepo ya kutosha, folikuli hufa. Katika kipindi chote cha utoto, kabla msichana hajavunja ungo, folikuli hukua mpaka ukubwa huo na kufa zote, kwa sababu FSH ya kuziokoa bado ni ndogo.

Mwanamke akiwa katika umri wa kuzaa, FSH hupanda siku chache kabla ya hedhi na kubaki juu siku za mwanzo za hedhi. Kwa bahati, wakati huo katika ovari zake zipo folikuli kumi hivi zilizofikia ukubwa wa kusikia wito. FSH hukaa kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli za granulosa, na ndani ya seli huwasha mfululizo wa ishara. Mojawapo ya protini zinazowashwa ni AKT, ambayo huzizuia zile protini za kuua zisifanye kazi. Seli zilizokuwa zikielekea kufa zinaanza kugawanyika. Wakati huohuo FSH huzipa kimeng'enya cha aromatasi, ambacho huzichukua homoni za kiume zilizotengenezwa na theka na kuzigeuza estrojeni. Naam, ovari hutengeneza homoni za kiume kwanza, na estrojeni hutokana nazo. Folikuli iliyopungukiwa FSH hushindwa kuzigeuza, hubaki imejaa homoni za kiume, na hali hiyo nayo huiharakishia kifo.

Hapo sasa huja jambo ambalo mimi, hata baada ya kulifundisha kwa muda mrefu, bado linanistaajabisha. Folikuli zinazokua hutoa estrojeni na homoni nyingine, inhibini, na hizi zikifika kichwani huiambia pituitari ipunguze FSH. Yaani folikuli zenyewe, kwa kukua kwao, hupunguza kile kinachoziweka hai. Ifikapo kama siku ya 7 ya mzunguko, FSH imeshuka na haizitoshi folikuli zote. Ila mojawapo, iliyotangulia kidogo na kufikia kama milimita 10, ina vipokezi vingi zaidi, ina mishipa mingi ya damu, na imeanza kuota vipokezi vya homoni nyingine ya pituitari, LH. Kwa hiyo kiasi kidogo kilichobaki kinaitosha yenyewe. Wenzake, ambao wiki moja iliyopita walikuwa sawa nayo, wanaingia kwenye apoptosisi. Iliyobaki huendelea mpaka upana wa milimita 20 hivi, LH hupanda ghafla, na yai hutoka.

Mara nyingine FSH hukaa juu muda mrefu kidogo, na folikuli mbili zikaokoka. Hapo ndipo hutokea mapacha wasiofanana. Na kwa kuwa FSH ya mwanamke huongezeka kadiri akiba yake inavyopungua, mama wa miaka 37 ana uwezekano mkubwa wa kupata mapacha wa aina hiyo kuliko alipokuwa na miaka 20.

Yai likishatoka, ganda la folikuli lililobaki hubadilika kuwa gimba la njano. Kazi yake ni kutoa projesteroni inayoutayarisha mfuko wa uzazi. Gimba hilo nalo huishi kwa ruhusa, na ruhusa yake ni ya kama siku 14. Muda ukiisha seli zake hufa, projesteroni huanguka, na hedhi huja. Kila hedhi mnayoijua, akina mama, ni matokeo ya kifo cha seli hizo.

Lakini mimba ikitunga, kiinitete kinachojishikiza kwenye mfuko wa uzazi huanza kutuma homoni yake, hCG. Homoni hii inafanana sana na LH, hukaa kwenye kipokezi kilekile, na hudumu mwilini muda mrefu zaidi. Gimba la njano lililokuwa limebakiza siku chache linapata maisha mapya ya wiki kadhaa, mpaka kondo la nyuma lianze kujitengenezea projesteroni ya kutosha. Arpad Csapo, daktari mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba gimba hilo likiondolewa kabla ya wiki ya saba ya ujauzito, mimba huharibika. Kipimo cha mkojo mnachonunua katika duka la dawa muhimu, hapo Makambako stendi au popote, kinatafuta hCG hiyohiyo. Ule mstari wa pili unaowafanya watu wacheke au walie unasema kwamba kiumbe cha wiki chache kimeshatoa amri, na seli za ovari ya mama zimeitii na kuendelea kuishi.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walioko hapa wanalijua jambo hili kwa mikono yao, ingawa pengine hawajaambiwa kwamba wanalijua. Bwana mifugo akitaka ng'ombe kadhaa waje joto siku zinazokaribiana, awahamilishe kwa mbegu za kutoka Kituo cha Taifa cha Uhamilishaji cha Usa River, Arusha, huwachoma sindano ya prostaglandini. Sindano hiyo huua gimba la njano. Projesteroni huanguka, na ndani ya siku mbili hadi tano ng'ombe anakuja joto. Ndiyo sababu hukuuliza kwanza kama una hakika hana mimba, maana akiwa nayo huenda ikatoka. Kwa ng'ombe, prostaglandini ya asili hutoka kwenye mfuko wake wa uzazi, na ukiuondoa mfuko huo, gimba la njano hukaa miezi. Mwanamke hayuko hivyo. Gimba lake hufa hata kama mfuko wa uzazi umeondolewa. Mama aliyefanyiwa upasuaji wa kuondoa kizazi kwa sababu ya uvimbe, na ovari zake zikaachwa, haoni hedhi tena, lakini ovari zinaendelea na mizunguko yake na estrojeni inaendelea kutoka. Wapo wengi wanaorudi nyumbani wakiamini kwamba wamekuwa wazee siku ileile. Waelezeni, wauguzi. Ni sentensi mbili tu, na zinampunguzia mtu huzuni kubwa.

Mpaka hapa nimezungumzia folikuli zilizokwisha kuanza kukua. Naomba sasa msikilize kwa makini, kwa sababu ubishi mwingi wa mitaani unatokana na kuchanganya hizo na folikuli za akiba.

Folikuli za akiba ni zile ambazo bado zimelala, yai dogo lenye safu moja nyembamba ya seli. Hizo hazina vipokezi vya FSH. Homoni za kichwani hazizifikii, ziwe nyingi ziwe chache. Kila siku baadhi yake huamka na kuanza safari ya kukua, mchana na usiku, mwanamke akiwa na mimba, akiwa ananyonyesha, akiwa anatumia vidonge au hatumii. Kinachopunguza kasi ya kuamka ni mifumo iliyo ndani ya yai lenyewe, pamoja na homoni ya AMH inayotolewa na folikuli ndogo zilizokwisha kuanza kukua. Zikishaamka haziwezi kulala tena. Mkulima wa viazi wa Njombe ataelewa: unaweza kuacha kulima msimu mzima ukidhani unaitunza mbegu, lakini mbegu iliyo ghalani huchipua na kusinyaa humohumo.

Kwa hiyo sindano, vijiti na vidonge vya majira haviwezi kuyamaliza mayai. Vinachofanya ni kuituliza pituitari, LH ikose kupanda na FSH ibaki chini, ili yai lisipevuke na kutoka. Folikuli ambazo zingeshindania nafasi mwezi huo zinakufa, kama ambavyo zingekufa karibu zote. Na kwa sababu ileile, njia hizi haziyahifadhi mayai. Nimewasikia dada zetu wasomi wakisema watatumia vidonge mpaka wafike miaka 40 ili mayai "yakae". Hayakai. Wala mama aliyezaa watoto saba na kunyonyesha kila mmoja miaka miwili hakuyatunza mayai ya miaka hiyo yote, ingawa hedhi haikuwepo.

Uvumi kwamba sindano inaharibu kizazi una chanzo, na chanzo hicho lazima kisemwe waziwazi. Sindano ya miezi mitatu ina miligramu 150 za dawa iliyo katika chembechembe zinazoyeyuka polepole msulini. Miezi mitatu ikiisha, dawa bado ipo. Wanawake wanaoiacha ili wapate mtoto huchukua, kwa wastani, kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho kabla ya kushika mimba, na wengine zaidi. Ndani ya miezi hiyo mama mkwe ameshauliza mara nyingi, mume amenuna, na jirani ameshatoa hukumu. Muuguzi anayechoma sindano bila kumwambia mteja jambo hili anaulisha uvumi kwa mkono wake. Kwa vijiti na kitanzi hali ni tofauti: vikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi mapema.

Kuna jambo jingine hapo. Mwanamke aanze sindano akiwa na miaka 31, aache akiwa na 38, kisha apate taabu kushika mimba. Atasema sindano imenimaliza. Lakini ovari yake ingefikisha miaka 38 hata kama asingechomwa sindano hata moja. Miaka saba imepita, folikuli za akiba zimepungua, na mayai yaliyobaki yana kasoro nyingi zaidi. Na kabla hatujafika kwenye ovari, mirija iliyozibwa na maambukizi ya zamani, kisonono na klamidia, ni sababu kubwa ya ugumba katika Afrika yetu. Mbegu za mume nazo zipimwe. Mwanamume anayemfukuza mkewe bila yeye mwenyewe kupimwa anatenda dhuluma, na nalisema hivi mbele ya wazee kwa sababu wazee ndio wenye uwezo wa kuikomesha.

Mkoa huu wa Njombe una sababu yake ya pekee ya kuzielewa homoni. Tangu kabla haujatengwa na Iringa mwaka 2012, eneo hili limekuwa likibeba mzigo mkubwa wa VVU kuliko mikoa mingi ya nchi: asilimia 14.8 ya watu wazima katika utafiti wa 2011 na 2012, asilimia 11.4 katika ule wa 2016 na 2017, na bado ni zaidi ya asilimia 12 katika ule wa 2022 na 2023. Maana yake ni kwamba wanawake wengi wa hapa wanatumia ARV na uzazi wa mpango kwa pamoja, na dawa hizo hukutana kwenye ini. Efavirenzi, iliyokuwa ndani ya kidonge cha kila siku kwa miaka mingi, huliamsha ini likaivunjavunja homoni ya kijiti kwa kasi. Homoni ikipungua, pituitari inaamka, FSH na LH zinarudi, folikuli inaokoka ambayo haikutarajiwa kuokoka, na mama mwenye kijiti mkononi anashika mimba. Mimba hizo hazikuwa hadithi. Utafiti wa magharibi ya Kenya uliochapishwa 2015, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 24,000, ulikuta mimba kwa watumiaji wa vijiti waliokuwa kwenye efavirenzi zikiwa kama mara tatu ya waliokuwa kwenye ARV nyingine, nevirapini. Hata hivyo zilikuwa chache, na kijiti kilibaki kuwa njia nzuri kuliko vidonge. Tangu 2019 Tanzania imekuwa ikiwahamishia wagonjwa kwenye dawa yenye dolutegraviri, ambayo haina tabia hiyo. Ila anayekuja kliniki na kusema "niliweka kijiti nikapata mimba" asidharauliwe. Aulizwe alikuwa anakunywa dawa gani.

Niguse kidogo moshi. Wavutaji wa sigara hukoma hedhi mapema kuliko wasiovuta, kwa mwaka mmoja au miwili. Mwaka 2001 watafiti wa Boston walionyesha njia yake: kemikali za moshi, zile ziitwazo hidrokaboni za aromatiki, huingia ndani ya yai, hukaa kwenye kipokezi chao, na huwasha jeni ya BAX. Ni protini ileile ya kutoboa mitokondria niliyoitaja mwanzo. Panya waliokosa jeni hiyo hawakupoteza mayai yao. Baridi ya Njombe mnaijua ninyi kuliko mimi, na najua jikoni kunavyokuwa mwezi wa saba, mlango umefungwa na kuni mbichi zinafuka. Moshi wa kuni una kemikali za jamii hiyo. Mapafu ya mama na ya mtoto mgongoni ni sababu tosha ya kuweka dohani; hii iongezwe juu yake.

Akina mama waliokoma hedhi nao wana nafasi yao katika habari hii, tena nafasi ya heshima. Folikuli zikiisha, hakuna estrojeni wala inhibini ya kuizuia pituitari, kwa hiyo FSH hupanda sana na kutoka kwa wingi katika mkojo. Mtaliano Piero Donini wa kampuni ya Serono aligundua namna ya kuichuja. Mkojo mwingi ulihitajika, wa wanawake wasio na mimba wala hedhi, na uliopatikana kwa uhakika ni wa masista wazee katika nyumba za watawa huko Italia. Daktari Bruno Lunenfeld aliitumia homoni hiyo kwa wanawake ambao pituitari zao hazikutoa FSH ya kutosha, na mwaka 1962 mtoto wa kwanza akazaliwa Israeli. Masista wale, ambao hawakuzaa, wamechangia kuzaliwa kwa watoto wengi mno.

Siku hizi FSH hutengenezwa maabara, na ndiyo msingi wa upandikizaji mimba. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hiyo, alizaliwa Oldham, Uingereza, 1978. Nairobi ilipata wa kwanza wake 2006. Mwanamke huchomwa FSH nyingi kwa siku kumi hivi, na badala ya folikuli moja, kumi huokoka. Wengi huuliza: kuvuna mayai kumi kwa mwezi si kuyamaliza mapema? Hapana. Yale tisa yalikuwa yanakufa mwezi huohuo. Dawa imeyachelewesha kufa kwa siku chache, daktari akayafikia.

Homoni haileti uhai siku zote. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliwapa nyani wa jamii ya makaka homoni za vidonge vya uzazi wa mpango, na wakakuta apoptosisi imeongezeka sana katika seli zinazofunika ovari kwa nje, hasa kwa waliopewa projestini, homoni ya dawa iliyo mfano wa projesteroni. Kwa seli hizo, zinazopasuka na kujiunga tena kila yai linapotoka, kufa kwa zile zilizoharibika huenda ni kinga. Ni ushahidi unaolingana na takwimu kubwa zilizochapishwa 2008: kila miaka mitano ya kutumia vidonge hupunguza hatari ya saratani ya ovari kwa kama asilimia 20. Wanaokusanya mabaya ya vidonge wakiyahesabu barazani, wahesabu na hili.

Nimalizie na wale ambao hesabu yao ni ya haraka kuliko ya wengine wote. Binti wa miaka 27 akigundulika na saratani ya matiti hapa, mara nyingi atasafiri kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na katika dawa atakazotundikiwa inaweza kuwemo siklofosfamidi. Dawa hiyo huvunja DNA. Yai lina protini ya ukaguzi, TAp63, ambayo ikikuta DNA imevunjika huamuru kifo, na amri hiyo huzifikia hata folikuli za akiba ambazo homoni hazizigusi. Anaweza kupona saratani na hedhi isirudi, au irudi kwa miaka michache tu. Zipo sindano za kuituliza pituitari ambazo katika utafiti wa wagonjwa wa saratani ya matiti uliochapishwa 2015 zilipunguza hasara hiyo, na zipo njia za kugandisha mayai kwa wenye uwezo wa kuzifikia. Wapo watakaokosa vyote viwili. Hata hao wana haki ya kuulizwa kama wanataka watoto, na ya kujua dawa itafanya nini ndani yao, kabla ya dripu ya kwanza. Muuguzi wa hospitali ya Kibena au ya Makambako anayeandika rufaa ndiye mtu wa mwisho kukaa na binti huyo kwa utulivu, kwa lugha anayoielewa, mama yake akiwa pembeni. Mazungumzo hayo yafanyike hapa, kabla hajapanda basi.